Kuugua Kusiko na Maneno: Wimbo Mmoja wa Blind Willie Johnson

Katika uchungaji tumezoea kulihesabu neno kuwa chombo cha kwanza cha faraja. Makala hii fupi yakusudia kueleza wimbo usio na neno lo lote, ambao umewagusa wasikilizaji kwa karibu karne nzima, na kuuliza watufundisha nini juu ya maombolezo.

Tarehe 3 Desemba 1927, mjini Dallas, Texas, mwimbaji kipofu Blind Willie Johnson alirekodi nyimbo kadhaa kwa kampuni ya Columbia. Alikuwa Mmarekani Mweusi aliyeimba habari za imani, huku akipiga gitaa kwa mtindo wa bluzi, muziki uliozaliwa miongoni mwa wazao wa watumwa kusini mwa Marekani. Mojawapo ya nyimbo hizo huitwa "Dark Was the Night, Cold Was the Ground". Jina hilo latokana na wimbo wa ibada wa Thomas Haweis, mchungaji wa Kiingereza wa karne ya 18, juu ya mateso ya Bwana wetu Gethsemane. Lakini Johnson hakuimba ubeti hata mmoja. Aliugua tu, na gitaa likamjibu.

Nguvu ya wimbo huo yatoka wapi? Kwanza, Johnson alitelezesha kitu kigumu juu ya nyuzi; kwa hiyo sauti ya gitaa hupanda na kushuka bila kukatika, kama sauti ya mtu aliaye. Pili, katika makanisa mengi ya Wamarekani Weusi palikuwa na desturi ya kiongozi kutaja mstari, nao usharika kuupokea kwa kuuvuta polepole. Johnson yu peke yake. Gitaa ndilo usharika wake. Aanzapo sauti, gitaa humalizia. Tatu, kwa kuwa hafungwi na wapigaji wengine, aweza kukawia apendapo, na kimya chenyewe huwa sehemu ya maombi.

Mwaka 1977 wimbo huo ulitiwa katika santuri zilizopakwa dhahabu, zikapelekwa angani kwa vyombo viwili vya Voyager, uwe mmoja wa mashahidi wa maisha ya wanadamu.

Mtume Paulo (Rum. 8:26) afundisha kwamba tusipojua kuomba, Roho hutuombea kwa namna ipitayo usemi. Je, sisi wachungaji twaliamini hilo tuingiapo nyumba yenye msiba? Mara nyingi twaharakia mahubiri ya ufufuo kabla mjane hajamaliza kulia. Ufufuo sharti uhubiriwe. Lakini anayenyamazishwa hajafarijiwa bado. Kule Gethsemane Bwana hakuwaomba wanafunzi wake hotuba, bali wakeshe pamoja naye.

Wimbo wa Johnson huchukua dakika tatu na kidogo. Muda kama huo mchungaji aweza kuketi karibu na mfiwa bila kusema, kisha ndipo afungue Kitabu.