Meno ya Rola ya Chai

Chai ya Kwamkoro, kule juu Amani, Usambara Mashariki, watu huizungumzia kwa mvua na uchumaji. Sisi wa karakana tunaitazama menoni. Chai ya punjepunje tunayokunywa wengi majumbani hutokana na jani lililopitishwa katikati ya rola mbili za chuma cha pua zenye meno, moja ikizunguka polepole, ya pili kama mara kumi ya hiyo. Jani hupondwa, huchanwa na kukunjwa kwa mkupuo mmoja. Mtambo huo, CTC, ulianzia Assam, India, mwaka 1930, kwa ubunifu wa William McKercher.

Meno hayo huisha, na rola butu husaga badala ya kukata. Hapo rola hufunguliwa na kupelekwa kuchongwa upya. Zamani fundi alipanga gia za mashine ya kuchongea kwa mkono. Siku hizi, kwenye mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, mhandisi huandika programu.

Wengi hudhani kompyuta ndiyo inayofikiri. Wapi! Chukua rola yenye meno manane kwa inchi. Inchi ni milimita 25.4, kwa hiyo toka mfereji mmoja kati ya meno hadi wa pili ni milimita 3.175. Mwandishi wa programu akifanya uvivu, akaandika 3.17 na kuiamuru mashine isogee hivyo kila mara, mfereji wa kwanza hautamshtaki. Lakini rola ya inchi 36 ina mifereji 288. Ikifika mwisho, kisu kimepotea milimita 1.44, karibu nusu ya nafasi ya jino, na meno yaliyotakiwa kuingia kwenye mifereji ya rola mwenza yatakutana na meno yake. Dawa ni kuhesabu kila mfereji kutoka sifuri moja, si kutoka mfereji uliotangulia.

Kasi nayo ina mambo yake. Ukitaka kisu kikate mita 20 kwa dakika, rola ya kipenyo cha milimita 203 izungushwe kama mara 31 kwa dakika. Ikishanolewa hadi 185, mara 34. Programu ya mwaka jana, basi, haifai kurudiwa kwa mazoea. Tena chuma cha pua kina kiburi: kisu kikikisugua bila kukata, chuma hicho huzidi kuwa kigumu na kukila kisu chenyewe.

Kabla ya kugusa chuma, programu hupigwa hewani, kisu kikiwa kimeinuliwa juu ya rola. Fundi mzoefu wakati huo haangalii skrini. Kidole kiko kwenye kitufe chekundu, macho kwenye pengo kati ya kisu na chaki, kile kishikio kinachoibana rola.