Ujira wa Kutwa na Ujira wa Mapatano

Wenye kusimamia ujenzi wa madarasa na nyumba za walimu huku Katumba Songwe, na katika vijiji vyote vya tambarare ya Kyela, hukutana na swali moja kila kiangazi: je, fundi alipwe kwa siku azifanyazo kazi, ama tupatane naye bei moja ya kazi nzima? Wengi hulijibu kwa kutazama ipi iliyo rahisi. Nia ya maneno haya ni kuonyesha ya kuwa swali hili si la urahisi tu, bali ni swali la nani atakayebeba hasara ya jambo lisilotazamiwa.

Tuanze na maneno yenyewe, maana ndani yake mna historia. Mshahara ni neno lililotoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi; asili yake ni malipo ya mwezi. Kibarua ni barua ndogo. Zamani huko Unguja mtu wa kazi ya siku alipewa cheti, akakirudisha ili apate fedha yake. Baadaye jina la cheti likahamia kwa mtu mwenyewe, na kwa kazi yake pia. Kipande, katika siku za utawala wa Waingereza, kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi: kila siku iliyofanywa ilitiwa alama, na malipo hayakutimia mpaka alama zitimie, ijapokuwa mwezi wa kalenda umekwisha pita. Hesabu ya namna hiyo ndiyo waliyoizoea vijana wengi waliotoka nyumbani kwenda kutafuta ujira mbali, kama katika machimbo ya dhahabu ya Lupa katika miaka ya 1930.

Maneno hayo matatu yahesabu wakati. Lakini ngwe yahesabu kazi. Asili yake ni kamba ya kupimia shamba, kisha ikawa jina la sehemu ya shamba iliyopimwa. Aliyemaliza ngwe yake huenda zake, hata kama jua lingali juu. Asiyemaliza hana la kudai. Na arubuni, fedha itangulizwayo ili kufunga maneno, ni ya mapatano. Kilemba, yaani zawadi apewayo fundi kazi ikiisha, hakimo katika hesabu yo yote kati ya hizo mbili. Ni shukrani, wala si deni.

Wanyakyusa wa kale walikuwa na njia nyingine. Vijana waliwalimia baba zao, na mkwe alimlimia baba wa mkewe. Walioitwa kusaidia walipewa chakula na pombe. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa katika nchi hii kati ya 1934 na 1938, waliandika mengi juu ya vijiji vya marika na ujamaa wa namna hiyo. Hapo hapakuwa na kutwa wala bei, kwa kuwa aliyelima leo alijua kwamba kesho atalimiwa. Lakini fundi atokaye mbali hana kesho hiyo, na kwa sababu hiyo malipo yake hayana budi kukatwa kwa maneno.

Mfano ulio wazi wa bei ya kazi nzima u karibu nasi. Wanawake wa Kikisi, huko Ikombe pwani ya Ziwa Nyasa, hufinyanga vyungu viuzwavyo katika soko la Matema na kwingineko. Mnunuzi haulizi chungu kimechukua siku ngapi. Hukigonga kwa kidole, husikiliza mlio wake, hutoa fedha. Vyungu vilivyopasuka motoni ni hasara ya mfinyanzi, naye amekwisha kuihesabu katika bei ya vile vilivyo vizima. Walakini ukuta si chungu. Ukuta hununuliwa kabla haujakuwako, na makosa yake hufichwa ndani ya chokaa.

Tuseme fundi akubali shilingi 20,000 kwa kutwa, na ukuta wakadiriwa siku 10. Gharama ni shilingi 200,000. Fundi huyo huyo, akiulizwa bei ya kazi nzima, asema 250,000. Msimamizi hudhani anaibiwa. Lakini mvua ikizuia kazi baada ya fundi kufika, au matofali yakichelewa naye amekaa akingoja, siku 10 zikawa 14, malipo ya kutwa ni 280,000. Zile 50,000 za juu, basi, si wizi; ni bei ya hofu ambayo fundi ameichukua mabegani mwake badala yetu. Na katika Kyela, ambako mvua ni nyingi kupita sehemu nyingi za Tanzania na mito hufurika, hofu hiyo si ndogo.

Kila njia ina ubaya wake. Alipwaye kwa kutwa hana sababu ya kuharakisha. Kadiri kazi inavyokawia ndivyo anavyopata. Alipwaye kwa mapatano hana sababu ya kukawia, naye huweza kupunguza saruji na kuacha ukuta umepinda. Haraka haraka haina baraka. Tena yuko mtu wa tatu asahauliwaye, yaani msaidizi wa fundi, achanganyaye udongo na kuchota maji. Katika kazi ya kutwa sisi twamwona na kumlipa. Katika kazi ya mapatano hulipwa na fundi, na bei ikiwa imebanwa mno, yeye ndiye arudiye nyumbani mikono mitupu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 yaweka saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa juma. Lakini mtu asiyeandikwa mahali po pote ni vigumu kuidai haki hiyo.

Kwa hiyo yafaa kugawa kazi. Isiyoweza kupimwa kabla, kama kuchimba msingi mahali penye maji karibu, au kutengeneza paa la zamani ambalo ubovu wake haujulikani, ilipwe kwa kutwa, na msimamizi awepo. Ipimwayo kwa macho, kama milango, madirisha na ukuta wa matofali yanayohesabika, ipatanwe bei. Bei hiyo isitolewe mara moja: arubuni mwanzo, sehemu ukuta ufikapo juu ya madirisha, sehemu kazi ikiisha, na salio dogo libaki mpaka nyumba ipigwe na mvua ya kwanza. Mapatano yaandikwe, mbele ya mashahidi wawili: urefu na kimo cha ukuta, nani atoaye saruji, nini kitakachofanywa mvua ikizuia kazi, kazi ya nyongeza italipwaje, na ujira wa msaidizi ni kiasi gani.

Mzee wa kanisa au mwalimu asiyeandika maneno hayo huona mwisho wake darasa lisilo na paa, watoto wakisoma chini ya mwembe, na fundi aliyekuwa rafiki akipita njia nyingine asikutane naye. Ahadi ni deni. Lakini deni lisilojulikana kipimo chake hakuna awezaye kulilipa.