Chungu cha Wajaluo na Sisi Tusiokunywa

Msomaji wa pwani akiona habari ya pombe ya kienyeji hugeuza ukurasa, wala si lawama. Dini yetu imeiharamisha pombe kwa anayeinywa, anayeiuza, anayeibeba na hata anayemnunulia mwenziwe. Lakini katika kuzunguka kwangu Migori na Homa Bay, kaunti mbili zilizotokana na ile iliyokuwa wilaya ya Nyanza ya Kusini, nimeona kuwa atakaye kuujua ujirani wa Wajaluo hana budi kukitazama chungu chao, ijapokuwa kwa mbali.

Kule Rongo mama mmoja alinieleza jinsi busaa inavyopikwa. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji ukaachwa siku kadhaa uchachuke. Kisha hukaangwa juu ya bati pana mpaka uwe rangi ya kahawia, ukaanikwa. Baadaye hutiwa majini pamoja na kimea cha wimbi, na baada ya siku mbili tatu huchujwa. Huyu hutafuta kuni, yule huteka maji, wengine hupokezana kugeuza unga motoni. "Mwanangu," aliniambia, "pipa zima si kazi ya mtu mmoja. Leo kwangu, kesho kwake."

Sasa sikiliza lililo muhimu. Wabelgiji wana bia wanayoiweka katika mapipa ya mti wa mwaloni miezi mingi, hata miaka, ipate ladha. Busaa haingoji. Uchachu wake hauishi, na baada ya siku chache huwa kali isinyweke. Hivyo aliyepika pipa zima hawezi kujiwekea akiba; ni lazima awaite watu. Ndiyo maana zamani ilikuwa ujira wa saga, yaani kazi ya pamoja ya kulima au kupalilia shamba la mmoja wao. Jioni wazee walikizunguka chungu, kila mmoja na oseke, mrija mrefu wenye kichujio mwishoni. Hapo ndipo palipozungumzwa mipaka ya mashamba, posa na madeni.

Chang'aa ni habari nyingine. Hiyo hutoneshwa kwa moto, hukaa chupani bila kuharibika, na huuzwa kwa glasi. Haimlazimishi mtu kuita jirani, ila mwenye pesa. Serikali iliipiga marufuku kwa sheria ya 1980, sheria iliyofutwa 2010, na katika miaka hiyo yote haikukoma kupikwa kwa siri.

Je, asiyekunywa afanyeje? Swali hili si geni huko. Wamisionari wa Kiadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na wafuasi wao wakaacha pombe. Kendu Bay penyewe pana Waislamu wa tangu zamani na misikiti yao. Mkulima mmoja Mwislamu wa huko nilimwuliza huwaitaje watu shambani bila chungu. "Ndugu yangu," akanijibu, "mimi huchinja, nikapika chai na uji. Lakini hayo hayatoshi. Lazima nitangulie mimi kwenda kulima kwao, na penye msiba nifike mapema nikae hadi mwisho. Nisipofanya hivyo, watasema nimekimbilia dini ili nisitoe."

Maneno hayo yalinikumbusha jambo la kwetu. Mwanachuoni David Parkin, katika kitabu alichokitoa 1972 juu ya Wagiriama wa Kaloleni, alieleza kuwa baadhi ya vijana wenye kununua minazi na kuuza mbata walisilimu baada ya waganga kuwaambia kuwa wamepagawa na pepo wa Kiislamu. Kwa kusilimu wakaepukana na mnazi. Lakini shamba lilipogombewa, mashahidi walikuwa wazee wale wale waliokaa wakinywa. Kijana aliyejitenga nao kabisa hakuwa na wa kumsemea.

Basi haramu ni haramu, wala sisemi vinginevyo. Ila jirani aliyezoea kuitwa chunguni anatazama tutamwita kwenye nini. Nyumba ngapi za kwetu humkataza mtu tembo, kisha zisimkaribishe hata kwenye kahawa? Tukiondoa chungu, mkeka ubaki umetandikwa.