Okidi na Baridi ya Julai

Wenzangu wengi chamani wameandika juu ya methali, ngeli na ushairi. Mimi nimeomba ukurasa niandike juu ya ua. Tena si waridi, bali okidi, lile ua jeupe lililo juu ya meza ya karani wetu na ambalo nusu ya Kidato cha Kwanza hudhani ni la plastiki. Si la plastiki. Li hai, linakunywa maji, na mwezi wa saba ukifika laweza kufa.

Nayajua haya kwa sababu nyumbani kwetu, huku Limuru, Mama hukuza okidi na kuziuza. Ana vyungu kama 60 barazani. Chungu kimoja kilichochanua vizuri hulipia chakula changu cha mchana hapa shuleni kwa muhula mzima, kwa hivyo mnaelewa kwamba baridi ya Julai kwetu si mambo ya sweta tu. Kuna mwaka tulipoteza vyungu 14 katika muda wa wiki tatu. Na kilichoviua, kama nitakavyoeleza, hakikuwa baridi peke yake.

Kwanza tujue okidi ni kitu gani. Ni jamaa kubwa mno ya mimea. Wataalamu wamekwisha kuhesabu aina zaidi ya 25,000 duniani, na hapa Kenya zipo zaidi ya 200 zinazojiotea zenyewe. Hata vanila inayotiwa katika keki na aiskrimu hutoka katika ganda la okidi. (Mwalimu atanisamehe, nimeiweka okidi katika ngeli ya I-ZI. Mwenye pingamizi alilete kwenye mkutano wa chama.) Nyingi za nchi za joto haziishi ardhini, hukaa juu ya matawi ya miti zikiwa zimeyakumbatia kwa mizizi. Watu husema ati zinaunyonya mti. La hasha! Mti kwao ni kiti tu. Chakula hujitengenezea zenyewe kwa mwanga wa jua, na maji huyapata kwa mvua na umande. Mizizi yake imevikwa ngozi nene nyeupe iliyo kama sifongo. Mvua ikinyesha inanyonya upesi upesi, kisha upepo unapita, inakauka. Ni mizizi iliyozoea kupumua. Hilo tafadhali mlishike.

Pili, okidi zote haziogopi baridi kwa kiasi kimoja. Iko vanda, hiyo ni ya watu wa Mombasa, ambako hata usiku wa Julai joto huwa karibu nyuzi 20. Huku kwetu Mama alikwisha kuinyoshea mikono. Iko simbidiamu, ambayo asili yake ni miinuko ya Asia, hasa upande wa Himalaya. Hii usiku wa nyuzi 10 haiisumbui, na sisi huiacha nje mwaka mzima chini ya paa. Halafu iko ile ya karani, ambayo wauzaji huiita falenopsisi na sisi nyumbani huiita okidi nondo, maana ua lake limefanana na nondo aliyetandaza mabawa. Hii ndiyo inayopendwa na wanunuzi na ndiyo inayotutoa jasho. Imetoka misitu yenye joto ya Asia, kama ile ya Ufilipino. Usiku ukiwa chini ya nyuzi 15 siku nyingi mfululizo, huduwaa. Ukishuka chini ya 10, majani hufanya madoa yaliyobonyea na vitumba hudondoka kabla ya kufunguka. Kipimajoto cha barazani kwetu kimewahi kusoma 8.

Sasa tufike penyewe. Sisi wa shule ya kutwa twajua kutembea asubuhi ya Julai katika ukungu. Ukiwa na sweta kavu, baridi unaivumilia hadi langoni. Sweta ikilowa manyunyu, hata ukiingia darasani unatetemeka mpaka saa nne. Okidi ni vivyo hivyo. Mmea mkavu hupita salama katika baridi ambayo ingeuua mmea uliolowa.

Sababu ni hii. Joto likipungua, mizizi hufanya kazi polepole na kunywa kidogo. Maji nayo hayakauki, kwa kuwa jua halipo na hewa yenyewe imejaa unyevu. Basi yale maji uliyotia Jumatatu bado yamo chunguni Jumatatu ya pili. Nafasi za hewa zimejaa maji, mizizi inakosa pumzi, kuvu na bakteria wanaingia, mizizi inaoza. Na hapa ndipo penye mtego. Mmea uliooza mizizi hauwezi kunywa hata ukisimama ndani ya maji, kwa hiyo majani yake hulegea na kufanya makunyanzi, sawasawa na mmea wenye kiu. Mwenye nyumba akiona hivyo anasema, masikini, una kiu! Anaongeza maji. Kwa maoni yangu, okidi nyingi zinazokufa huku mlimani zinakufa kwa huruma.

Kosa hilo huletwa pia na vitabu. Vingi viliandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya. Kule Uingereza mwezi wa Desemba jua hutua kabla ya saa kumi alasiri, na nyumba hupashwa joto kwa mashine usiku na mchana. Hewa ya ndani huwa kavu kama ya Garissa. Ndiyo maana vitabu hivyo humwambia mtu anyunyizie okidi yake maji na kuiwekea sahani ya maji ili apunguze ukavu. Kule ni shauri jema. Lakini Limuru mwezi wa Julai hakuna mashine ya joto, na kuta zenyewe zinatoa maji. Ukinyunyizia tena, umelowesha sweta.

Mama hufanya hivi. Okidi nondo ambazo miezi ya joto huzinywesha kila baada ya siku nne au tano, Julai hukaa siku kumi, pengine kumi na mbili. Haamini kalenda lakini, huamini mkono: hunyanyua chungu, kikiwa kizito hukirudisha. Pia huangalia mizizi kupitia chungu cha plastiki kinachoonyesha ndani. Mizizi ya kijani ina maji, iliyogeuka rangi ya fedha inaomba. Hunywesha asubuhi, baina ya saa tatu na saa nne, ili kila kitu kikauke kabla ya usiku, na maji huyatia kidogo ya moto yawe vuguvugu, kwani maji ya bomba ya Julai yakimwagikia majani huyaachia mabaka. Tone likituama pale katikati majani yanapotokea, mimi huitwa na karatasi ya shashi nilifyonze. Usinicheke. Mahali pale pakioza, okidi nondo haina pengine pa kuchipulia kwa urahisi. Mbolea hupunguzwa kabisa, maana mmea usiokua hauli.

Chungu chenyewe hakina udongo. Kina vipande vya magome ya mti na makaa baridi, ili hewa ipite. Jani likianza kuoza, Mama hulikata kwa wembe uliopitishwa motoni na kupaka kidonda mdalasini wa unga, ule ule wa chai. Mizizi haipakwi, mdalasini huikausha.

Usiku zile nondo huingia sebuleni, mbali na kioo cha dirisha, ambacho alfajiri huwa baridi kuliko chumba. Mchana hurudishwa nje zipate mwanga na upepo, kwa kuwa hewa iliyosimama huleta kuvu wa madoa madogo ya kahawia juu ya maua meupe, na ua lenye madoa hakuna anayelinunua.

Wengine hupasha chumba kwa jiko la makaa. Tafadhali, usithubutu. Makaa yakiungua katika chumba kilichofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo rangi wala harufu, na gesi hiyo huua watu waliolala. Hata kama wewe hukulala humo, moshi huo una ethilini, ambayo hunyausha vitumba. Ethilini hiyo hiyo hutolewa na ndizi zinazoiva, ndiyo sababu kwetu mkungu wa ndizi na okidi havilali chumba kimoja.

Baada ya kuisema vibaya baridi, yafaa niipe haki yake. Bila baridi ndogo okidi nondo huota majani tu. Usiku wa nyuzi 16 hadi 18 kwa wiki chache ndio unaoiamsha itoe kikonyo cha maua. Simbidiamu nayo hudai usiku wa baridi zaidi, na ndiyo maana kule pwani hukaa kijani miaka na miaka bila ua hata moja. Vikonyo vya Mama huanza kuchungulia Julai na Agosti, na maua hufunguka kuanzia Oktoba, kabla ya wanunuzi wa Krismasi. Kwa hiyo mwezi unaotutisha ndio unaotulisha.

Iko baridi nyingine ambayo watu huisahau, nayo ni ya Januari na Februari. Mchana jua kali, usiku mbingu nyeupe pee bila wingu, joto lote la ardhi linapaa juu. Januari 2012 sakitu iliunguza majani chai Kericho na Nandi kwa namna hiyo. Dawa yake ni nyepesi: chungu kiwe chini ya paa au mti, au kifunikwe gunia jioni, ili joto lisipate njia ya kwenda angani.

Mwisho wa Agosti jua hurudi, na watu hukimbia kuzitoa okidi zikaote jua kama mijusi. Majani yaliyokaa wiki nane katika ukungu huungua kwa saa moja tu ya jua la adhuhuri. Sisi huzisogeza kidogo kidogo, kwanza jua la asubuhi peke yake, na maji huyaongeza wiki ya pili, tukiona ncha za mizizi zimeanza tena kuwa kijani.

Mwanachama, Kidato cha Tatu