Kisukari, Macho na Sijida

Wako wazee wetu wa Uluguru, upande wa Kinole na Mkuyuni, walioambiwa na matabibu kuwa kisukari kimewafika machoni, nao hukataa kwenda kupasuliwa Dar es Salaam. Wakiulizwa, hawataji kisu wala nauli, hutaja sijida.

Khofu hiyo ni ya mcha Mungu, nasi twaiheshimu. Lakini sukari ikizidi damuni miaka mingi huharibu vijishipa vya nyuma ya jicho, vikavuja pasi na maumivu, hata mtu akajidhani mzima. Miale ya leza na sindano huzuia madhara yasizidi, na aghalabu nuru iliyokwisha potea hairudi. Damu ikijaa ndani ya jicho ndipo huenda akahitaji kupasuliwa. Basi mwenye kungoja angoja nini?

Ni kweli, baada ya kupasuliwa tabibu huweza kumkataza mgonjwa kuinama na kutia maji jichoni kwa siku kadhaa. Sheria imekwisha mpa njia. Imran bin Husein alikuwa na bawasiri, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru asali amesimama, asipoweza ameketi, asipoweza kwa ubavu, hadithi hii imo katika Bukhari. Rukuu na sijida ataashiria kadiri atakavyoruhusiwa. Katika udhu ataosha palipo pazima, na kwa palipokatazwa maji atatayamamu, vumbi lisifikishwe jichoni.

Mwenye kisukari na apimwe macho kila mwaka, ijapokuwa atunga uzi sindanoni. Na kijana ashukaye Morogoro na ndizi amshushe na babake.