Triphala: Ule Unga wa Kihindi Unaambiwa Unatibu Kila Kitu, Rada Yake Ni Hii

Kama hushukia Olympic ukiingia Soweto West, lazima ushapatana na msee wa spika na meza ya dawa. Vidonda vya tumbo, sukari, presha, nguvu za kiume, zote anakupea unga mmoja. Siku hizi kwa hizo paketi kuna Triphala, na wasee wanauliza kama inafanya. Inafanya, lakini si vile anakushow.

Jina ni la Kisanskriti, maana yake matunda matatu: amla, haritaki na bibhitaki. Yanakaushwa, yanasagwa, yanachanganywa. Ni dawa ya Ayurveda, tiba ya kale ya India. Na India si mbali na mtaa vile unadhani. Reli inayokata Kibera ni ya ile laini iliyojengwa na vibarua Wahindi zaidi ya 30,000 kati ya 1896 na 1901. Baadhi walibaki, wengine wakafuata kufungua maduka, ndio maana leo Ngara huwezi kosa unga wa amla.

Kazi yake ya ukweli ni tumbo. Kama umekula chipo na smokie wiki nzima na choo imegoma, nusu kijiko cha chai kwa maji moto kiasi kabla ya kulala inaweza kukufungulia. Mimi nilijaribu. Ni chungu, inakaza ulimi kama ndizi mbichi. Halafu kwa ujinga wangu nikaweka vijiko viwili, na choo yetu ni ile ya kulipia ten bob kila ukiingia. Nilimaliza doh ya fare.

Pia kuna majaribio India ya kuisukutua mdomoni, na ilipunguza utando wa meno na fizi kuvimba.

Noma inaanza kwa sukari. Tafiti ndogo zimeonyesha inaweza kuishusha kidogo, na hapo ndipo msee wa spika anageuza kidogo kuwa kupona. Auntie mmoja wa ploti yetu aliamini, akaacha tembe za hospitali. Wiki chache baadaye tulimbeba usiku na mkokoteni mpaka barabarani. Kuchanganya nayo si salama, sukari inaweza kushuka sana: jasho, kutetemeka, kuzirai. So kama mathako anameza tembe, usimpelekee kabla hajaongea na daktari wake.

Vidonda vya tumbo navyo mara nyingi huletwa na bakteria, H. pylori, au dawa za maumivu za kumeza ovyo. Hiyo bakteria inatolewa na antibayotiki.

Halafu cheki paketi. Mwaka 2004, watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya kupima dawa 70 za Ayurveda za madukani. 14 zilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Unga wa kupimiwa kwa karatasi, hauna jina la aliyeutengeneza, wachana nao. Ukiwa na mimba au unaharisha, usiguse kabisa. Na ukiona damu kwa choo, hiyo pesa ya unga ifanye fare ya kliniki.