Baridi ya Wundanyi ni neema kwa mwokaji wa vipai vya zabibu

WANAOPANDA kutoka Voi kwenda Wundanyi kupitia Mwatate huhisi hewa ikibadilika kabla gari halijamaliza kona za mlimani. Voi iko takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Desemba joto lake aghalabu hupita nyuzi 30. Wundanyi iko kiasi cha mita 1,400, na asubuhi zake ni za sweta. Kwa msafiri hilo ni suala la mavazi tu. Kwa anayetaka kuoka vipai vya Krismasi vya Kiingereza, ndilo linaloamua iwapo siagi na sukari aliyonunua kwa bei ghali vitapotea bure.

Vipai hivyo ni vidogo, vya kuenea kiganjani, vyenye zabibu kavu na viungo ndani na kifuniko cha unga juu. Jina lake la Kiingereza linataja nyama iliyokatwakatwa, nalo si kosa. Karne kadhaa zilizopita ndani yake mlikuwa na nyama halisi, pamoja na matunda makavu, mdalasini na karafuu, mchanganyiko ambao mla sambusa wa Mombasa asingeushangaa sana. Kufikia mwisho wa karne ya 19 nyama ilikuwa imeondolewa katika mapishi mengi, ikabaki shahamu ya figo ya ng'ombe. Viungo vilivyowagharimu Waingereza wa kale fedha nyingi leo vimo katika duka lolote la viungo la pwani, kwani karafuu imelimwa Zanzibar tangu mapema karne ya 19.

Wamishonari wa Kianglikana waliingia Taita mwaka 1883, Joseph Wray alipofika Sagalla. Hata hivyo, mezani pa Krismasi ni chapati na mandazi vilivyoshika mizizi, pengine kwa sababu havihitaji tanuri.

Siri ya kipai imo katika siagi. Ni lazima ibaki ngumu, katika chembechembe, hadi iingie motoni. Huko huyeyuka na kuacha nafasi ndogondogo, nao unga ukawa mwepesi na wa kumumunyika. Siagi ikiyeyuka mapema, unga huinywa yote na kipai hutoka kigumu kama kigae. Kwa kuwa siagi huanza kulainika mno inapokaribia nyuzi 30, mpishi wa Voi hana budi kukanda alfajiri na kutumia maji ya barafu, ilhali mwenzake wa Wundanyi anatosheka na maji ya mtungi.

Kwa vipai 12, gramu 300 za unga wa ngano hupakazwa gramu 150 za siagi kwa ncha za vidole (viganja vina joto mno) hadi ufanane na chenga za mkate. Hutiwa chumvi kidogo na vijiko vitatu au vinne vya maji, ukashikana bila kukandwa sana, kisha ukapumzishwa nusu saa. Majarini laini ya kupaka mkate haifai.

Mjazo hutayarishwa jana yake. Gramu 200 za zabibu huchemshwa kwa moto mdogo pamoja na embe moja gumu lililokunwa, gramu 80 za sukari ya kahawia, gramu 40 za siagi, maganda na maji ya chungwa moja na ndimu moja, kijiko kidogo cha mdalasini, na karafuu na kungumanga kwa kudonoa tu. Waingereza hutumia tufaha, lakini embe lisiloiva vizuri lina ukali uleule. Ndizi mbivu haifai, kwani hugeuka uji. Wao pia hutia brandi, ambayo huuhifadhi mjazo kwa miezi. Nyumba isiyotumia pombe haipungukiwi na ladha, ila mjazo wake utumiwe ndani ya siku chache. Ukiwa bado na uvuguvugu hauruhusiwi kugusa unga.

Asiye na tanuri hutandika mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, akaweka vipai juu yake katika bati, kisha akapalia makaa juu ya mfuniko bapa. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, la sivyo kitako kitaungua kabla ya kifuniko kubadilika rangi. Katika tanuri, nyuzi 200 kwa dakika 20 hutosha.

Asiye na vikebe vya kuokea naye ana njia, ile ya mji wa Eccles karibu na Manchester. Kijiko cha mjazo huwekwa katikati ya duara la unga, kingo zikakusanywa kama mdomo wa mfuko, donge likageuzwa na kubonyezwa, kisha likachanjwa mara tatu kwa kisu ili mvuke upate pa kutokea.

Vikitolewa motoni viachwe robo saa. Sukari iliyo ndani huwa ya moto kuliko inavyoonekana, na watoto ndio huungua ndimi kwanza.